Wufa Zenu Zinamzika Kakai

Hapa Masaku kila ploti ina wufa. Boksi limeandikwa wati 10,000 PMPO, na watu wanaamini! Geuza hiyo kitu usome nyuma: tuseme inavuta wati 60 kwa soketi. Hizo zingine 9,940 zinatoka wapi, Masinga? PMPO ni hesabu ya muuzaji. Uliza RMS.

Kinachoniuma zaidi ni benga. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers walipanga magitaa yajibizane, na besi chini yao inatembea, haigongi tu. Wufa inayafunika yote kwa mngurumo mmoja, kama lori la mchanga likipanda mlima.

Bedsita ya futi kumi kwa kumi inataka nini? Spika mbili ndogo za mbao, koni ya inchi 5, na amplifaya hata ya mtumba. Ziachanishe, twita ziwe usawa wa masikio yako. Usizibane kwa kona, besi itavimba.

Utaambiwa hazitikisi dirisha. Sawa tu. Dirisha ni la landlodi, na jirani ana mtoto mchanga.