Nzige Hawafugwi



Neno la leo ni la vijana, lakini wazee msiondoke. Sehemu yenu iko huku chini, na haitakuwa tamu.

Kwanza fungua Biblia usome Yoeli 2 yote, kisha Mithali 5 yote. Usisome mstari mmoja uliobandikwa kwenye picha ya maua. Soma sura nzima, halafu urudi hapa.

Kuna fundisho linalozunguka makanisani kwetu, Chaani, Magongo, Mikindani, mpaka Likoni, na leo nalipinga waziwazi. Halihubiriwi kwa maneno haya, lakini ndivyo vijana wanavyolisikia: kula ujana wako sasa, ukichoka utaokoka, na Mungu atakurudishia kila kitu. Mstari unaobebeshwa mzigo huo ni Yoeli 2:25, ile ahadi ya Mungu kuhusu miaka ambayo nzige walikula. Tunaitangaza kwenye kesha, tunaiandika kwenye mabango ya mikutano, na watu wanapiga makofi. Mimi pia naipenda ahadi hiyo. Lakini tumeigeuza kuwa bima ya dhambi, na hiyo si kazi yake.

Angalia sura yenyewe. Mungu anaahidi kurudisha nini? Mstari wa 19 na wa 24 vinajibu: nafaka, divai na mafuta. Sakafu za kupuria zitajaa tena, mashinikizo yatafurika tena. Yaani mavuno yatarudi. Hakuna mahali Yoeli anaposema mtu atarudishiwa umri. Aliyekuwa na miaka 20 nzige walipoingia, akawa na 26 mvua iliporudi, alibaki na miaka 26. Mungu alimjazia ghala, lakini kalenda hakuirudisha nyuma.

Angalia pia nzige wenyewe. Mstari huohuo unawaita jeshi ambalo Mungu alilituma. Walikuja. Hakuna mkulima wa Yuda aliyewafuga.

Sisi Wakenya tunalijua jambo hili. Mwishoni mwa 2019 nzige wa jangwani waliingia nchini kutoka kaskazini mashariki, na 2020 wakasambaa kaunti baada ya kaunti. Watu walipiga madebe na mabati kuwafukuza, ndege zikanyunyiza dawa. Hukusikia mkulima hata mmoja aliyewafungulia lango akisema, "Ingieni mle, Bwana atanirudishia."

Sasa njoo hapa kwetu. Changamwe ina nzige wake wa kweli. Mtambo wa kusafisha mafuta uliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Reli mpya ilipoanza kubeba makontena kwenda Nairobi, na mwaka 2019 ikatolewa amri kwamba mizigo ya bara ipite huko, watu wa malori, wa yadi za makontena, wa gereji na wa vibanda vya chakula waliona shughuli zao zikikauka. Kama baba yako ni mmoja wao, hakukosa lolote. Alilala na kazi, akaamka hana. Mtu kama huyo nikimwekea mkono na kumsomea Yoeli, nasoma kwa ujasiri wote. Nzige walimjia.

Lakini wewe, kijana wangu, unayekaa maskani kutoka saa nne asubuhi, shavu limejaa muguka, ukimsubiri rafiki akuletee bando, nzige wako walikujia kutoka wapi? Wewe unayekesha ukitazama ile ndege ya kwenye simu ikipanda, ada ya chuo ikipanda nayo, halafu inaruka na pesa zote? Ndege za kweli zinatua hapo Port Reitz na watu wanashuka na mizigo yao. Hiyo yako haijawahi kumshusha mtu salama. Na wewe dada unayejua kabisa kwamba huyo mwanamume ana mke na watoto, lakini anakulipia nyumba, hao nzige nani aliwafungulia mlango?

Mei 2024 gavana wetu alipiga marufuku muguka Mombasa, na mahakama ikasimamisha amri hiyo. Siasa zake naziacha. Ninachosema ni kwamba hakuna amri ya kaunti inayoweza kumwondolea mtu nzige anaowalisha kwa mkono wake mwenyewe. Nzige wa kutumwa ni msiba. Nzige wa kufugwa ni uamuzi. Na Yoeli hajaandika popote kwamba ukiwafuga utalipwa fidia.

Nikupe mfano wa mtu ambaye Kenya nzima inamjua, au ilipaswa kumjua.

Henry Rono alizaliwa Nandi mwaka 1952. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani, alivunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Hebu rudia kusoma hiyo. Rekodi 4, siku 81, kijana mmoja.

Rono alikutana na nzige wa kutumwa. Kenya ilisusia Olimpiki ya 1976, ikasusia tena ya 1980. Serikali ziliamua, yeye akalipa. Hilo hakulitaka wala hakulisababisha.

Lakini kulikuwa na pombe pia. Mwaka 1984 Kenya ilirudi Olimpiki, kule Los Angeles. Rono alikuwa na miaka 32. Rekodi ya dunia ya kuruka viunzi na maji ilikuwa bado jina lake, na iliendelea kuwa yake mpaka 1989. Dhahabu ya mbio hizo ilichukuliwa na Mkenya mwenzake, Julius Korir. Mwenye rekodi hakuwepo uwanjani. Miaka iliyofuata alifika mahali pa kulala kwenye makao ya watu wasio na nyumba, na kubeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege.

Simhukumu. Ulevi ukishamshika mtu ni ugonjwa pia, na mgonjwa hatukanwi. Tena namheshimu kwa jambo moja: hakuficha. Aliacha pombe, akawa mwalimu Albuquerque, na mwaka 2007 akatoa kitabu cha maisha yake, Olympic Dream, akaeleza pombe ilimfanyia nini. Mwaka 2019 alirudi nyumbani Kenya, na Februari 2024 akafariki akiwa na miaka 72.

Je, alipata kitu baada ya kuacha pombe? Alipata kingi. Alipata akili timamu, kazi ya heshima, na kufia katika nchi yake. Hayo si madogo. Lakini miguu ya 1978 haikurudi. Hakuna toba inayorudisha miguu ya miaka 26.

Sasa wazee, ile sehemu yenu.

Tumeharibu ushuhuda. Ndugu anasimama Jumapili, anapokea maikrofoni, anasema: "Nilikuwa mlevi sugu, nilikuwa na wanawake kila mtaa, nilikuwa sijui nyumbani kwangu. Yesu akaniokoa. Leo nina kiwanja, nina amani, haleluya!" Kinanda kinaingia, kanisa linasimama, watu wanacheza. Pale benchi la nyuma kijana wa miaka 21 anapiga hesabu. Huyu mzee aliokoka akiwa na 45. Amekula raha zote, na kiwanja anacho. Kumbe bado nina miaka 24 ya kuchezea.

Nani amemfundisha hesabu hiyo? Si shetani peke yake. Ni sisi, tulioukata ushuhuda kabla ya kufika kwenye gharama. Mzee hakusema kwamba binti yake wa kwanza hapokei simu yake mpaka leo. Hakusema mama watoto aliwasomesha kwa kuuza mahamri, na sasa magoti yake yamekwisha. Hakusema kiinua mgongo kiliisha miezi sita baada ya kustaafu, wala kwamba kile kiwanja amekipata akiwa na miaka 60 na hana nguvu ya kukijengea. Anayajua yote hayo. Usiku anayalilia kwa Bwana. Lakini kanisani hayasemi, kwa sababu tumemwambia kwamba kusema hivyo ni kukosa imani.

Biblia haiko hivyo. Mithali 5 kuanzia mstari wa 11 inamweka mzee mbele yetu, mwili umekwisha, anaugua, anajilaumu kwamba alichukia kuonywa na hakuwatega sikio waliomfundisha. Na sura hiyo inamzungumzia nani? Mwana. Ni baba anayemsikilizisha mwanawe kilio cha uzeeni angali kijana, ili asije akakilia mwenyewe. Sisi tunawapa watoto wimbo wa ushindi, kilio tunakificha. Huo si upendo. Ni kumwacha mtoto atembee gizani kwenye njia ambayo wewe unayajua mashimo yake yote.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Mchungaji, unapunguza neema." Ngoja kwanza.

Damu ya Yesu inaosha dhambi yote, na hilo nitalihubiri mpaka nizikwe. Lakini msamaha na matokeo ni vitu viwili. Katika 2 Samueli 12 Nathani anamwambia Daudi kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, na katika sura hiyohiyo anamwambia upanga hautaondoka nyumbani mwake. Daudi alisamehewa kweli, na bado alimlilia Absalomu. Mwana mpotevu wa Luka 15 alipewa vazi, pete na viatu, akachinjiwa ndama. Lakini ule urithi alioutapanya haukurudi mfukoni. Baba anamwambia yule mkubwa kwamba vyote vilivyobaki ni vyake.

"Na mwizi msalabani, je?" Aliingia paradiso siku ile, utukufu kwa Mungu. Lakini misalaba ya wezi ilikuwa miwili, na wa pili alikuwa karibu na Yesu vilevile, akafa akitukana. Usiufanye msalaba wa mwizi kuwa ratiba ya maisha yako.

"Na wale wafanyakazi wa saa kumi na moja?" Ndiyo, Mathayo 20, walilipwa sawa na wa asubuhi. Lakini soma jibu lao mstari wa 7. Waliulizwa mbona wamesimama mchana kutwa bure, wakasema hakuna aliyewaajiri. Vibarua wetu wanaosimama getini tangu alfajiri wanalijua jibu hilo vizuri. Watu wale walitaka kazi, hawakuitwa. Wewe umeitwa tangu Sunday school. Umeitwa na mama yako, umeitwa na mwalimu wako, umeitwa kesha baada ya kesha. Huna haki ya kutumia jibu lao.

Kwako wewe ambaye umri umeshasogea, una 38, una 50, na unasoma haya machozi yakikutoka: usifunge ukurasa. Yoeli ni wako. Lakini anzia mstari wa 12, usirukie wa 25. Mstari wa 12 unakuita urudi kwa moyo wote, kwa kufunga na kulia. Sakafu yako inaweza kujaa tena. Mungu akikupa miaka 10 ya kumtumikia, itakuwa 10 ya kweli, na hakuna atakayekunyang'anya. Ninachokataa ni kukudanganya kwamba itakuwa 30.

Basi wiki hii tufanye kazi ifuatayo.

Mzee, mama, ukipewa maikrofoni Jumapili, tuambie mambo matatu: ulikotoka, Yesu alivyokutoa, na kitu ambacho hakikurudi. Hilo la tatu usiliruke. Huenda likawa ndilo litakalomwokoa mjukuu wa mtu.

Kijana, mtafute mzee mmoja. Asiwe mchungaji, sisi tumezoea kuongea. Mtafute baba mstaafu pale anapopunga upepo jioni, au nyanya yako jikoni. Mwamkie kwa adabu, weka simu mfukoni, umuulize: "Ni nini Mungu alikusamehe, lakini hakikurudi?" Halafu nyamaza. Akikaa kimya muda mrefu, usimkatize. Anachokitafuta hapo ndani ni urithi wako.

Ukitoka hapo, soma Mhubiri 12:1. Mwandishi anataka umkumbuke Muumba wako ungali kijana, kabla siku mbaya hazijafika. Siku hizo zinakuja kwa kila mtu, aliyeokoka na asiyeokoka. Swali ni utazipokea ukiwa na nini mkononi.

Tuombe. Baba katika jina la Yesu, wape vijana wetu wa Chaani masikio kabla ya mvi. Wape wazee wetu ujasiri wa kusema ukweli wote. Wale ambao nzige waliwajia, wajazie ghala zao. Wale wanaowafuga, wape leo nguvu ya kufungua banda na kuwafukuza. Amina.

Kama neno hili limekugusa, andika AMINA, halafu mtumie kijana mmoja. Usiwatumie watu mia. Mtume mmoja unayemjua kwa jina na unayemwombea.

Mbarikiwe.