WIMBO NAO NI MSAADA

Kila panapotokea maafa katika nchi yetu, wa kwanza kuitwa ni askari. Ndivyo ilivyokuwa Bududa mwezi Machi 2010, udongo wa Mlima Elgon ulipokifunika kijiji cha Nametsi pamoja na watu wake; na ndivyo ilivyokuwa Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, mwezi Agosti 2024, lundo la taka za jiji lilipoporomokea nyumba za raia. Kazi ya siku hizo ni ya koleo, sululu na machela. Baadaye hufika kundi la pili: waimbaji, waigizaji na wapiga ngoma waliokuja kuwapa pole waliofikwa. Hapo ndipo husikika, kambini na katika vituo vya polisi, sauti za dharau zikiuliza: wimbo humfukua nani? Ngoma humlisha nani? Mkono mtupu haulambwi.

Sisi twaona kwamba swali hilo halikuulizwa vyema. Hakuna aliyedai kuwa wimbo utachukua mahali pa koleo. Lililo la haki kuuliza ni hili: koleo likisha kurudishwa ghalani, aliyebaki hai ataishi kwa nguvu gani?

Kilima cha Old Kampala chatufundisha jambo hili. Hapo ndipo Kapteni Lugard alipojenga ngome yake mwaka 1890, na leo juu yake umesimama Msikiti wa Taifa. Katika mtaa huo huo kipo kituo cha polisi ambako kwa miaka mingi wakimbizi waliofika Kampala wamekuwa wakiandikishwa. Askari wa zamu wa kituo hicho amewaona watu waliokuja na nguo za mwilini tu. Serikali huwapa karatasi, na wenye huruma huwapa chakula. Lakini karatasi na chakula havimwambii mtu kwamba yeye bado ni mtu. Jambo hilo huambiwa na mwenzake, na mara nyingi huambiwa kwa wimbo wa kwao.

Mfano mkubwa kuliko yote tunao sisi wenyewe. Katika miaka ya 1980 ugonjwa wa ukimwi, ambao wananchi waliuita Silimu, uliingia kila nyumba, na jeshi halikusalimika. Mwaka 1986, kati ya maofisa 60 waliopelekwa Kuba kwa mafunzo, 18 walionekana kuwa na virusi. Na Rais Fidel Castro ndiye aliyempa Rais Museveni habari hiyo walipokutana Harare. Hayo yalikuwa maafa yasiyo na mlio wa bunduki wala ngurumo ya mlima. Mgonjwa alifichwa chumba cha nyuma, na alipokufa jamaa zake walitaja ugonjwa mwingine.

Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden na mwenye sifa kubwa hapa kwetu, alirudi nyumbani akatangaza hadharani kwamba ana ukimwi. Kabla yake hakuna Mganda mashuhuri aliyekuwa amethubutu kufanya hivyo. Wapo waliosema kwamba hiyo ni hila ya kuuza santuri. Yeye aliendelea kuzunguka mashuleni na makanisani, mwili ukipungua siku hata siku, akiwaeleza vijana hatari iliyopo na kuwaomba watu wasiwatupe wagonjwa. Wimbo wake uitwao Alone ulieleza upweke wa mgonjwa na kuwaita watu wote wasimame pamoja. Alifariki tarehe 15 Desemba mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 38.

Je, wimbo huo ulimponya mgonjwa hata mmoja? La. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure nchini miaka 15 baadaye, mwaka 2004. Wala hatusemi kwamba Lutaaya alifanya kazi peke yake. Chama cha TASO, kilichoanzishwa na Bibi Noerine Kaleeba na wenzake mwaka 1987, kilikuwa tayari kikiwahudumia wagonjwa. Lakini Lutaaya alifanya kazi ambayo daktari na ofisa wa serikali hawakuweza kuifanya: alilitoa jina la ugonjwa chumba cha nyuma akalileta sebuleni. Baada ya hapo mgonjwa aliweza kusema, na jamaa zake waliweza kusikia.

Kutokana na mfano huo twapata kipimo cha kumpima msanii anayekuja penye msiba. Kwanza, je, anasema kweli? Tumaini lililojengwa juu ya uongo huvunjika upesi, na aliyedanganywa huwa amefikwa na maafa mara mbili. Pili, je, ametoa kitu chake mwenyewe, au amekuja kupigwa picha? Tukubali kwamba wako wanaofika penye makaburi mabichi kutafuta jina. Hao wasitufanye tuwadharau wenzao wa kweli, kama vile askari mmoja mla rushwa asivyofanya kikosi kizima kuwa cha wala rushwa.

Na isisahauliwe kwamba sisi wenye sare hatuko nje ya jambo hili. Kila kuruta hufundishwa mchakamchaka kwa nyimbo, kwa sababu wakufunzi wetu wajua kwamba mguu uliochoka huinuliwa na sauti. Basi yawaje kwamba askari aliyefukua maiti za watoto kwa mikono yake arudi kambini, akabidhi koleo, apangiwe lindo, bila mtu kumwambia neno? Ukimya huo ndio unaowasukuma wengine kwenye pombe na ugomvi wa nyumbani. Na yuko askari ambaye hata leo humeza dawa zake za virusi kwa kificho, akiogopa kicheko cha wenzake. Lutaaya alikwisha kututangulia katika vita hiyo. Ni aibu sisi wenye silaha tubaki nyuma.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. La kwanza, bendi za jeshi na polisi zisingoje gwaride na dhifa tu. Zitumwe pia penye maafa, wiki chache baada ya mazishi, wakati wageni wote wamekwisha ondoka na upweke umeanza. La pili, vikosi vinavyorudi kutoka kazi ya uokoaji vipewe jioni yao ya kuimba na kusema, mbele ya makamanda wao na makasisi na mashehe wa jeshi. La tatu, askari aliyewekwa kulinda mahali pa msiba amwongoze msanii aliyekuja kwa heshima na utaratibu, wala asimfukuze kama mzururaji.

Kumtoa mtu chini ya udongo ni nusu ya kumwokoa. Nusu ya pili ni kumrudishia hamu ya kuishi, na katika kazi hiyo mwenye ngoma ni mwenzetu kazini.