Asilimia si ushahidi

Chuo kimoja nchini kimewatangazia wanafunzi wake wa uzamili kwamba tasnifu yoyote itakayopewa na programu ya ukaguzi zaidi ya asilimia 20 ya maandishi ya akili unde itarudishwa bila kusomwa. Mtu amehangaika na utafiti wake miaka miwili, amelipa ada, amezunguka vijijini na dodoso zake, kisha namba moja kwenye skrini inamfungia mlango kabla mwalimu hajafungua ukurasa wa kwanza. Hii ni dhuluma, na tangazo hilo lifutwe.

Hoja ya wanaoliunga mkono inaeleweka. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, wahadhiri wanapokea kazi zilizonyooka kupita kiasi kutoka kwa watu ambao darasani hawawezi kueleza aya moja ya walichoandika. Mhadhiri mwenye wanafunzi mamia amechoka. Na aliyekesha akiandika mwenyewe anaumia akiona mwenzake kapata alama zilezile kwa kazi ya dakika tano. Yote hayo ni kweli, ila hakuna hata moja linaloifanya namba ile iwe ushahidi.

Ukaguzi tuliouzoea, ule wa wizi wa maandishi, una kitu cha kushika. Programu inakuonyesha sentensi yako na mahali ilikotoka. Mwalimu anafungua, mwanafunzi anafungua, mnabishana juu ya jambo mnaloliona nyote wawili. Asilimia ya akili unde haina chanzo cha kufungua. Ni makisio. Kwa sehemu kubwa programu hizi huangalia jinsi maneno yanavyotabirika: neno linalofuata likiwa lilelile ambalo mashine ingelitarajia, na sentensi zikifanana urefu na mpangilio, shaka inapanda.

Sasa mtazame mwanafunzi wetu. Kasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kaingia kidato cha kwanza akakuta kila somo ni Kiingereza. Lugha hiyo hakuipata sokoni wala nyumbani, kaipata ubaoni. Kafundishwa kufungua insha kwa "katika ulimwengu huu wa sayansi na teknolojia", kuunganisha aya kwa "zaidi ya hayo", na kumalizia kwa "kwa kuhitimisha". Akithubutu kwenda njia nyingine, kalamu nyekundu inamsubiri. Akifika chuoni anakuta tasnifu nayo ina sentensi zake za lazima kuanzia sura ya kwanza. Kwa hiyo anaandika Kiingereza kinachotabirika, kwa sababu ndicho pekee tulichompa. Leo tunamwita mdanganyifu kwa kuandika kama tulivyomfundisha!

Jambo hili limeshapimwa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipitisha insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, katika programu saba za ubainishaji. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa za mashine. Insha za watoto wa darasa la nane wa Marekani zilipita karibu zote. Kisha watafiti wakaiambia ChatGPT izipambe zile insha za TOEFL kwa msamiati wa mzawa wa lugha, na shutuma zikapungua sana. Yaani aliyeandika kwa jasho lake anashikwa, na aliyekwenda kwa mashine kuomba maneno ya mapambo anapita. Wakuu wa chuo wanaitaka kanuni ya namna hii kwa ajili ya nini hasa?

Tusiambiwe kwamba dunia nzima inafanya hivyo. OpenAI, kampuni iliyoitengeneza ChatGPT, iliiondoa programu yake ya ubainishaji Julai 2023, miezi sita tu baada ya kuitoa, kwa kuwa haikuwa sahihi vya kutosha. Mwezi uliofuata Chuo Kikuu cha Vanderbilt kule Marekani kilizima kibainishi cha kampuni ya Turnitin. Kilipiga hesabu kwamba hata kosa la asilimia 1 kwa kazi 75,000 lingezitia hatiani kazi kama 750 za wanafunzi wasio na kosa. Turnitin yenyewe inasema alama yake isitumike peke yake kumwadhibu mtu. Sisi, ambao karibu wanafunzi wetu wote wanaandika kwa lugha ya pili au ya tatu, ndio tunaoigeuza kuwa hukumu.

Mwalimu anayetaka kusaidiwa kweli apewe muda wa kumkalisha mwanafunzi dakika kumi na tano. Kwa nini ulichagua kata hii ukaiacha ile? Nani kati ya uliowahoji alikupinga, na alisema nini? Leta rasimu ya kwanza na daftari ulilokwenda nalo kijijini. Maswali hayo humnasa hata aliyemlipa mtu amwandikie, biashara ambayo Kenya inaijua vizuri na ambayo kibainishi hakiioni kabisa, kwa maana mwandishi wake ni binadamu. Tena tasnifu ina kikao cha utetezi tayari. Ndiko shaka inakopaswa kupelekwa.

Waliokwisha kurudishiwa kazi zao waitwe kabla ya mahafali. Kila tasnifu isomwe na msimamizi, mwandishi wake aulizwe maswali mbele ya jopo, na jopo liandike kwa mkono wake sababu za uamuzi wake.