Kabuti ni Kinga, si Cheo

Sisi wa visiwani, kipupwe kinapoingia mwezi wa Juni, tunakishukuru. Joto la kaskazi limetuachia, usingizi ni mtamu, na anayeona baridi ya alfajiri hujitanda shuka, mambo yakaisha. Kwa sababu hiyo ni vigumu kwetu kumwelewa ndugu yetu wa Mbulu au wa Hanang, ambaye katika miezi hiyo hiyo hatoki nyumbani mwake pasipo kabuti zito la sufu, lenye kumfika chini ya magoti, na vifungo vya safu mbili. Kabuti ambalo zamani lilikuwa la askari wa nchi fulani na leo ni lake yeye. Wapo miongoni mwetu waliomwona wakacheka. Wapo pia watumishi wa Serikali waliomwona wakamshuku. Leo tunapenda kusema na makundi yote mawili.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Wilaya za Mbulu na Hanang, ambazo tangu mwaka 2002 zimo katika Mkoa wa Manyara na kabla ya hapo zilikuwa katika Mkoa wa Arusha, zina nyanda za juu ambazo sehemu zake zimepita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mlima Hanang peke yake una mita zaidi ya 3,400. Huko usiku wa Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, ukungu ukatanda hata jua likachelewa kuonekana, na mchungaji wa Kiiraqw au wa Kibarabaig hana hiari ya kungoja ndani. Kondoo wake wa kienyeji ana manyoya mafupi, hana sufu ya kusokotwa. Wazee walijikinga kwa ngozi, kisha kwa mablanketi. Kabuti limekuja kushika nafasi hiyo hiyo.

Wala kabuti si jambo geni katika historia yetu. Neno lenyewe Waswahili wanalo tangu zamani. Katika Vita Kuu ya Pili, watu wa Tanganyika zaidi ya 80,000 waliandikwa katika majeshi ya Mwingereza, wakapelekwa Ethiopia, Madagascar na Burma. Waliobahatika kurudi walirudi na chache: mafao kidogo, makovu, na pengine kabuti. Vita vilipokwisha, mali ya majeshi iliyobaki iliuzwa, na makoti ya askari wa Ulaya yakaingia masokoni mwetu, yakavaliwa na walinzi wa usiku, wachunga ng'ombe na wakulima wa nchi za baridi. Biashara ya mitumba ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, makoti hayo yaliongezeka. Robota la makoti mazito mfanyabiashara wa pwani hana wa kumuuzia; hulipeleka bara, na huko minadani hugombewa.

Hapa tukumbushane jambo tulilofundishwa chuoni tukiwa wadogo, kabla hatujaingia skuli ya Serikali: kwamba vazi kwanza ni sitara, pili ni kinga, na pambo huja mwisho. Mwenye kulitazama kabuti la Mbulu kwa jicho la pambo, akauliza linafanana na nani, ameanza na la mwisho akaliacha la pili.

Tunayasema haya kwa kuwa nchi yetu imewahi kukosea katika shauri la mavazi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika huo huo uliokuwa Mkoa wa Arusha, Wamasai waliamriwa waache lubega na wavae suruali, eti ndiyo maendeleo. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na mjini Dar es Salaam wasichana wenye nguo fupi wakaandamwa. Hata kwetu visiwani, miaka ya 1970, bugaluu na nywele ndefu zilipigwa vita. Sisi makada hatuna budi kukiri kwamba nia ilikuwa njema, yaani heshima ya taifa, lakini mara nyingi aliyeumia ni mnyonge. Masai hakupata zahanati kwa kuvaa suruali.

Sasa tuje katika suala la sheria. Mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa siku saba raia wenye sare za jeshi, au mavazi yanayofanana nazo, wazisalimishe. Agizo hilo tunaliunga mkono bila kigugumizi. Sare ya jeshi ni amana, na jambazi akiivaa, anayedhulumiwa ni mwananchi aliyefunzwa kuiheshimu. Lakini agizo linalotoka juu hutekelezwa na mtu wa chini, na mtu wa chini huweza kulipunguza au kulizidisha.

Tulipata kufika Mbulu kwa kazi, tumevaa mashati ya mikono mifupi kama tuendao Forodhani. Jioni ya kwanza tulitetemeka hata tukashindwa kushika kalamu. Mwenyeji wetu, mzee aliyeupita umri wa miaka 70, aliingia ndani akatutolea kabuti lake la kijivu, halina alama hata moja, bitana yake imeshonwa kwa viraka vya gunia. Tulipomshukuru akatuambia, "Livaeni, wanangu, lakini kesho msiende nalo mkutanoni." Tukamwuliza kwa nini. Akasema aliwahi kuvuliwa mbele ya watu na mtumishi mmoja kijana, aliyedai kuwa ni nguo ya jeshi. Alirudi nyumbani kwa miguu katika ukungu, na kabuti akarudishiwa siku ya tatu. Hakulalamika kwa baridi. Alilalamika kwa kuwa wajukuu wake walikuwepo.

Tunauliza: ni usalama gani wa nchi uliolindwa siku ile?

Na baridi si jambo la kuchezewa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishuka Katesh na vijiji vya jirani, vikaua watu zaidi ya 80 na kuwaacha wengine wengi bila nyumba. Nchi nzima ilichanga chakula, mablanketi na nguo. Sisi wa visiwani tunapochanga huwa tunatoa tulivyonavyo, navyo ni kanga, kanzu na fulana. Ni vitu vya huruma, lakini aliyepoteza paa chini ya mlima ule anahitaji nguo nzito kabla ya yote.

Kwa hiyo tuna maombi matatu. La kwanza, wenye mamlaka waeleze waziwazi, katika mikutano ya vijiji na kwa lugha nyepesi, ni vazi lipi linalokatazwa, na kama kabuti kuukuu la nchi ya kigeni lisilo na alama limo au halimo. Mwananchi asiyejua mpaka hawezi kulaumiwa kwa kuuvuka. La pili, pale inapolazimu kabuti lisalimishwe, lipokelewe ofisini kwa staha, asivuliwe mtu njiani, wala mzee asirudishwe nyumbani kifua wazi mwezi wa Julai. La tatu, maghala ya maafa katika wilaya za baridi yawekwe mablanketi na makoti kabla ya maafa, si baada yake.

Na kwako, ndugu msomaji wa visiwani, ombi letu ni dogo. Ukimwona mtu wa Mbulu bandarini, amebeba kabuti lake mkononi huku jasho likimtoka, usimcheke. Huenda ndilo alilomvisha mgeni wa pwani aliyekuja kwao na shati jepesi.