FOÉ HAKULOGWA, JAMANI!

Jumamosi kijiweni kwetu ubishi ulipamba moto. Alitajwa kijana wa mtaa wa pili aliyedondoka uwanjani mwaka juzi akafa palepale, naye hakuwahi kulalamika hata mafua. "Kalogwa yule, wivu wa namba tu," jamaa mmoja akasema, na wengi wakaitikia.

Mimi nikawauliza: na Marc-Vivien Foé je? Juni 26, 2003, Lyon, Ufaransa, nusu fainali ya Kombe la Mabara, Kameruni na Kolombia. Dakika ya 72 Foé, miaka 28, pande la mtu, akaanguka katikati ya uwanja bila kuguswa. Waliompasua walikuta ugonjwa wa msuli wa moyo kunenepa.

Unene huo, wasomaji wangu, mara nyingi ni wa kurithi. Moyo ni msuli, na kinachouvuta ni protini, mojawapo huitwa mayosini. Jeni ndiyo inayotoa maelekezo ya kuitengeneza, kama vipimo anavyopewa fundi cherehani. Mwaka 1990 wataalamu wa Harvard walichunguza ukoo mmoja wa Quebec, Kanada, ambao watu wake walikuwa wakifa ghafla. Wakakuta herufi moja ya jeni imebadilika. Moja, bwana! Mayosini ya namna hiyo huvuta kwa pupa, moyo haulegei sawasawa, kuta zinanenepa. Kuna ambao umeme wa moyo huvurugika wakadondoka ghafla. Wengine moyo huchoka polepole mpaka unashindwa kusukuma damu. Hukadiriwa mtu 1 kati ya 500 anao, na wengi hawajijui. Mzazi akiwa na jeni hiyo, kila mtoto ni nusu kwa nusu.

Hapo nikajutia mdomo wangu. Mdogo wake marehemu alikuwa amekaa palepale, jezi mwilini.

"Kwa hiyo na mimi, braza?"

Nikamwambia kaka yake alizikwa bila kuchunguzwa, hatuwezi kujua. Ila kipo kipimo cha eko, kinachoonyesha moyo ukidunda, wala hakiumi. Dawa nazo zipo. 2022 Marekani waliidhinisha mavacamten, inayoipunguza kasi hiyo mayosini.

Akacheka kinyonge. "Wakinikuta nao si wataninyang'anya namba?"

Nilikosa jibu. Yenyewe ni saba, ileile ya kaka yake. Jumatatu asubuhi tunakwenda wote hospitali, nauli juu yangu.