Ukimya wa Barabara za Extremadura



Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo lililozua ubishi mkali darasani kwetu muhula huu. Katika somo la Jiografia tulisoma habari za jimbo la Extremadura, lililo magharibi ya Uhispania, mpakani na Ureno, ambako wapanda baiskeli hupasifu sana kwa sababu barabara zake ni kimya. Mwenzetu mmoja alisema kuwa barabara isiyo na motokaa imekwisha kufa, na fedha za kuitengeneza ni fedha zilizotupwa. Mwingine akamjibu kuwa barabara ya namna hiyo ndiyo pepo ya mwenye baiskeli. Kwa maoni yangu kila mmoja wao ameshika nusu ya neno.

Kwanza yafaa wasomaji wajue nchi yenyewe ilivyo. Extremadura ina mikoa miwili, Cáceres na Badajoz, na eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 41,000. Watu wake wanazidi milioni moja kwa kidogo tu, yaani watu 25 hivi kwa kila kilomita ya mraba. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni malisho yenye mialoni iliyotawanyika, ambayo wenyeji huyaita dehesa. Humo nguruwe hunenepa kwa kula matunda ya mialoni, na aina moja ya miti hiyo hubanduliwa gome kila baada ya miaka tisa hivi ili kutengeneza vizibo vya chupa. Juu ya minara ya makanisa korongo hujenga viota vyao. Katika mbuga ya Monfragüe, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2007, mpanda baiskeli hupita chini ya majabali wanakokaa tumbusi wengi. Wakati mzuri wa safari ni majira ya kuchipua, maana katika Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40.

Sasa tuulize: ukimya huu umetoka wapi? Umetokana na sababu mbili, nasi tukizichanganya tutakosea hukumu.

Sababu ya kwanza ni njema. Toka zamani kulikuwa na barabara ya N-630, yenye urefu wa kilomita 800 hivi, kutoka Gijón kaskazini hadi Sevilla kusini, nayo ilikata Extremadura katikati, ikipita Cáceres na Mérida. Baadaye ilijengwa barabara kuu mpya, A-66, sambamba na ile ya zamani. Malori na motokaa za haraka zikahamia huko. Wahispania hawakuing'oa lami ya zamani. Waliiacha, na leo wapanda baiskeli huitumia kwa raha. Wahenga wetu walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hata reli iliyoanzwa kati ya Talavera de la Reina na Villanueva de la Serena, isiyomalizika kamwe, sehemu yake imegeuzwa njia ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Kitu kilichoshindwa kazi moja kimepewa kazi nyingine.

Faida zake si ndogo. Sheria ya Uhispania humtaka dereva anayempita mpanda baiskeli aache nafasi isiyopungua mita moja na nusu, lakini sheria hushikwa vizuri zaidi mahali ambapo motokaa ni chache. Tena, mtu aendaye kilomita 120 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu kabisa katika barabara kuu za huko, hana haja na kijiji. Mwenye baiskeli huona njaa na kiu. Husimama, hununua mkate, hunywa kahawa, na jua likizama hutafuta pa kulala. Fedha zake hubaki pale pale.

Zaidi ya hayo, mwendo wa polepole hufundisha. Huko Alcántara lipo daraja la mawe juu ya mto Tajo, lililojengwa na Warumi kati ya mwaka 104 na 106, wakati wa Kaisari Trajan, na hata leo linapitika. Jina la mji huo limetoka katika Kiarabu, maana yake daraja, na neno hilo hilo limo katika kamusi zetu: kantara. Mpandaji akivuka mpaka na kuingia Ureno atakuta bendera ikiitwa bandeira, na meza ikiitwa mesa, maana maneno hayo tuliyapata kwa Wareno waliofika pwani yetu zamani.

Mpaka wenyewe ni wa kustaajabisha. Karibu na La Codosera, katika kitongoji cha El Marco, kipo kijito kinachotenga nchi mbili. Mwaka 2008 kilijengewa daraja la mita sita tu kwa urefu, na upana wake haufiki mita moja na nusu. Motokaa haiwezi kupita, baiskeli hupita. Ukilivuka saa tatu asubuhi, ng'ambo ni saa mbili, kwa kuwa saa za Ureno ziko nyuma ya saa za Uhispania. Hapana askari wa kukagua vyeti, maana ukaguzi wa mpakani uliondolewa mwaka 1995. Lakini siku za utawala wa Franco, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939, maskini wa sehemu hizo walipita vichochoroni usiku wakibeba mizigo ya kahawa migongoni kutoka Ureno, wakiwakwepa walinzi wa nchi zote mbili. Njia anayopita mgeni leo kwa starehe, mwenyeji aliipita kwa hofu ili watoto wake wapate kula.

Hapo ndipo tunapofikia sababu ya pili ya ukimya, nayo ni ya huzuni. Watu waliondoka. Mwaka 1960 Extremadura ilikuwa na watu karibu 1,400,000. Katika miaka ile na iliyofuata, vijana kwa maelfu walihamia Madrid, Barcelona na nchi ya Wabasque, na wengine Ujerumani, kutafuta kazi. Nchi kwa jumla imeongezeka watu, lakini jimbo hili limepungukiwa. Basi mgeni anaposema, "Ah, hapa pametulia kweli kweli!" huenda anasifu nyumba zilizofungwa na madarasa yaliyokosa watoto.

Kwa hiyo namjibu mwenzetu wa kwanza hivi: barabara haifi kwa kukosa motokaa. Inakufa siku mwisho wake pasipokuwa na mtu wa kukwambia karibu. Na mwenzetu wa pili namwambia: pepo hiyo yako haitadumu bila mwokaji mkate, mwenye duka na mchunga kondoo. Wapanda baiskeli peke yao hawawezi kurudisha shule na zahanati, lakini wanaweza kumsaidia mwenye duka asifunge mlango. Serikali itengeneze lami ya vijijini kwa ajili ya wakaao huko kwanza, na mgeni aifaidi pamoja nao.

Jambo hili latugusa sisi wa Kidato cha Nne zaidi ya tunavyodhani. Mtihani ukiisha, wengi wetu tutaelekea mijini, wala sioni kosa katika hilo. Lakini vijiji vya Extremadura havikuhamwa kwa siku moja. Kila kijana aliondoka kwa sababu yake nzuri, na jumla ya sababu nzuri ikawa ukimya. Wazazi na walimu wetu wanaotuuliza tunataka kuwa nani, nawaomba watuulize pia tutafanyia wapi kazi hiyo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne