Mama wa Mpanda Asiachwe Njiani

Mwaka 1950 reli kutoka Kaliua ilifika Mpanda. Wakoloni hawakuijenga kwa ajili ya wananchi. Waliijenga ili ichukue madini ya risasi. Risasi ilipatiwa njia ya zaidi ya kilomita 200 kupita porini. Sisi twauliza: je, mama mjamzito wa Katavi naye amepatiwa njia ya kumfikisha kwa mkunga?

Hatusemi kwamba hakuna lililotendeka. Utafiti wa taifa wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Wakunga na waganga wetu wanastahili shukrani. Lakini hesabu ya nchi nzima haimbebi mama mmoja aliyeshikwa na uchungu usiku wa mvua.

Na Katavi ina mzigo wake. Katika utafiti ule wa kwanza mkoa huu uliongoza nchi nzima: kati ya kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au wana mimba. Mwaka 2022 walikuwa 34, ilhali wastani wa taifa ulikuwa 22. Msichana wa namna hiyo ndiye mwenye hatari zaidi ya kupata fistula, na ndiye aonaye haya zaidi kuingia kliniki.

Kwa sera ya Serikali huduma ya mjamzito ni bure. Hata hivyo nauli si bure, wala chakula cha kumngoja mama hospitalini si bure. Tena yako mazoea, yaliyoenea sehemu nyingi nchini, ya kumtaka mama aje kliniki na mumewe siku ya kwanza. Nia ni njema, kwani wote wawili hupimwa. Lakini mwenye mume aliye machimboni au malishoni, na yule asiye na mume kabisa, huambiwa akatafute barua kwa mwenyekiti. Barua hiyo haitibu ugonjwa wowote; humchelewesha tu.

Hapo tunawakumbuka pia ndugu zetu wa Katumba na Mishamo. Wazee wao walikimbia mauaji ya Burundi ya 1972, wakafyeka pori na kulima. Mwaka 2014 Serikali ilianza kuwakabidhi hati za uraia, wao na wenzao wa Ulyankulu, jumla yao zaidi ya watu 160,000. Basi ni Watanzania. Mama wa Mishamo asiulizwe babu yake alitoka wapi, wala asichekwe kwa lafudhi yake. Aulizwe mimba yake ina miezi mingapi.

Wataalamu husema mama hufa kwa kuchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. La kwanza li mikononi mwetu sisi wanaume, tunaodhani kwamba ruhusa ya kwenda hospitali ni mali yetu. La pili lataka barabara na gari. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, una simu ya bure, 115, na kila balozi wa shina yampasa aijue kama ajuavyo jina lake. La tatu lataka wakunga wa kutosha, damu na dawa, na hilo ni deni la Serikali na halmashauri zake.

Kwa hiyo twasema wazi. Barua isiwe sharti la kupimwa. Msichana anayeuliza habari za uzazi wa mpango ajibiwe kwa heshima. Na kila diwani wa Katavi, anapoomba kura, aulizwe kwanza zahanati ya kata yake ina wakunga wangapi. Risasi ilipewa reli. Mama anayelizalia taifa watu hastahili kupewa pungufu ya hapo.